Kabla ya Thanksgiving na Krismasi: hesabu oveni, usihesabu vyakula

Ukialika watu nyumbani mwisho wa mwaka huu, chukua karatasi, lakini usianze kuandika vyakula. Vyakula kila mtu anavijua. Andika oveni yako ina rafu ngapi, jiko lina mafiga mangapi ya umeme, na friji ina nafasi kiasi gani ukishaondoa zile chupa za achari za tangu Pasaka. Ukishapata hesabu hiyo ndipo uulize utapika nini.

Mimi ni mtu wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa 11 Minnesota, Marekani. Kila mapukutiko yakianza, kabla hata majani hayajaisha mtini, simu za kina dada zinaanza kulia: nani anaalika mwaka huu? Kama umeshajibu "mimi", soma hadi chini.

Tarehe kwanza. Thanksgiving ya Marekani, sikukuu ya shukrani, ni Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa hiyo tarehe inahama kila mwaka. Walioko Kanada wanakula ya kwao Jumatatu ya pili ya Oktoba, basi ndugu wa Toronto usimlaumu akikwambia siku yako yeye yuko kazini. Maduka makubwa mengi hufungwa siku yenyewe. Siagi uliyoisahau Jumatano umeisahau moja kwa moja.

Waulize wageni wanachokula na wasichokula, na uwaulize mapema. Sisi familia zetu zimechanganyika, meza moja ina Waislamu na Wakristo, na vyakula vya huku vina mambo yamejificha. Zile peremende laini nyeupe wanazomwagia viazi vitamu, marshmallow, mara nyingi zina jelatini ya nguruwe. Maganda ya pai ya kununua, mengine yamekandwa kwa mafuta ya nguruwe. Geuza boksi, soma maandishi madogo. Bata mzinga wa halali muagize kwa mwenye bucha wiki kadhaa kabla, usiende Jumanne jioni ukitegemea bahati. Na mwenye mzio wa karanga asijulikane kwako akiwa ameshashika kipande cha keki.

Ukubwa wa bata: paundi moja hadi moja na nusu kwa kila mtu inatosha, kwa sababu mifupa nayo inapimwa. Watu wetu wengi wakiona pilau hawamgusi hata huyo bata, kwa hiyo usijionyeshe na ndege wa paundi 24.

Akiwa ameganda, mhesabie siku. Ndani ya friji anahitaji saa 24 kwa kila paundi nne au tano. Wa paundi 20, yaani kilo 9, anakula siku nne hadi tano, maana yake Jumamosi, au Jumapili asubuhi ukichelewa sana, awe ameshatoka friza. Mweke rafu ya chini kabisa, ndani ya chombo chenye kingo, maji yake yasichuruzike kwenye kachumbari. Ukichelewa, mzamishe kwenye maji baridi akiwa kwenye mfuko wake usiovuja, dakika 30 kwa kila paundi, na maji uyabadilishe kila nusu saa. Kwa wa paundi 20 hizo ni saa 10 za kusimama kwenye sinki. Usimwache mezani usiku kucha "ayeyuke taratibu". Nje anakuwa vuguvugu, ndani jiwe.

Kumuosha pia acha. Najua. Mimi nimelelewa na bibi anayeosha kuku kwa ndimu na chumvi mara tatu, na mara ya kwanza kusikia hivi niliona ni uvivu wa watu wa huku. Lakini maji ya bomba yanarusha vijidudu mpaka kwenye sahani safi, na moto ndio unaoviua. Paka ndimu yako ukimwunga viungo. Na ingiza mkono tumboni na shingoni utoe kimfuko cha maini na firigisi, maana wapo waliokioka na karatasi yake.

Sasa nieleze yaliyonikuta.

Mwaka wangu wa tatu hapa nilialika watu 16. Orodha yangu ilijaza karatasi mbele na nyuma: bata wa paundi 20, makaroni ya jibini, viazi vitamu, sambusa za kuoka, mkate wa kumimina, keki ya ndizi, pai ya boga kwa ajili ya majirani Wamarekani. Bata alikuwa ameyeyuka vizuri, viungo vimelala tangu jana yake, nimejipanga. Nilichokuwa sijakihesabu ni kwamba vyote hivyo vinapita mlango mmoja.

Bata aliingia saa nne asubuhi. Saa tano nikafungua nikaweka mkate wa kumimina rafu ya juu. Baada ya nusu saa nikafungua kuutazama. Nikautoa, nikaingiza sambusa. Nikatoa sambusa, nikaingiza keki, nikaona keki inataka moto zaidi, nikaongeza, halafu nikasahau kupunguza, nikakumbuka, nikapunguza. Kila mlango unapofunguka joto linatoka, na oveni inaanza kulitafuta upya. Saa kumi alasiri wageni wameshajaa sebuleni, watoto wanagombania chipsi, mama mmoja ananiuliza kwa upole kama nahitaji msaada, na kipimajoto ndani ya paja la bata kinasoma nyuzi 140 za Farenhaiti. Kinachotakiwa ni 165.

Nikaamua kumgeuza upande. Bata nilikuwa nimemlaza kwenye zile trei nyembamba za foili za kutupa, za dola mbili tatu, kwa sababu sikutaka kusugua chombo usiku. Nikavuta rafu, mkono mmoja umeshika kitambaa, mwingine umeshika ncha ya trei. Nikavuta. Trei ikajikunja katikati kama bahasha, na mafuta yote yaliyokuwa yamekusanyika tangu asubuhi yakamwagika chini, juu ya koili iliyokuwa nyekundu.

Moto haukulipuka kama kwenye filamu. Ulipanda kimya, rangi ya chungwa, ukalamba upande mmoja wa bata kisha ukatokeza mlangoni. Na mimi nikafanya kosa la pili: nikaruka nyuma nikauacha mlango wazi, moto ukapata hewa. Shemeji akaja mbio na jagi la maji. Hapo ndipo sauti yangu ilipotoka. Nilipiga kelele mpaka akaliweka chini, kwa sababu maji juu ya mafuta yanayowaka yanarusha moto jikoni kote. Akauona mtungi wa kuzimia moto pembeni ya mlango, akachomoa pini, akaubana mpaka ukaisha wote.

Kengele za moshi zikaanza kulia nyumba nzima, moja ikiamsha nyingine. Wifi akakusanya watoto akawatoa nje. Theluji ya kwanza ilikuwa imeshaanguka, na watoto tisa walisimama uani na soksi tu, wengine wakiruka mguu mmoja mmoja.

Unga wa mtungi ulipotulia, jiko zima lilikuwa na rangi ya njano iliyopauka, utadhani mtu amemwaga gunia la unga wa dengu. Bata ameungua ubavu mmoja na kupakwa unga mwingine. Mwanangu, wakati huo ana miaka sita, akaniuliza kama sasa tunapika bajia. Chakula kilichoguswa na unga ule hakiliwi, hata ukikifuta vipi. Mkate wa kumimina, sambusa, keki, vyote vilikuwa kaunta ile ile, vyote vikaingia mifuko ya taka. Tulikula pilau ya wifi. Ilisalimika kwa sababu sufuria lilikuwa bado kwenye buti ya gari, limefungwa kanga, baada ya kukosa nafasi mezani.

Kwa hiyo sikiliza. Trei ya foili ukiitumia, iweke juu ya sinia zito la chuma lenye kingo, na hilo sinia ndilo unaloshika, mikono miwili, glavu mbili. Mafuta yakizidi, yachote na upawa kabla hujasogeza chochote. Moto ukiwaka ndani ya oveni, funga mlango, zima umeme wake, na usifungue tena; ukikosa hewa unajifia wenyewe. Usipokufa upesi, toka nje na watu wako upige 911. Mtungi uwe karibu na mlango wa kutokea jikoni, si nyuma ya jiko ambako utalazimika kuuvuka moto kuufuata.

Na ratiba iandike kwa kurudi nyuma, kuanzia saa ya kula. Mnakula saa tisa alasiri? Bata akishatoka anatakiwa kupumzika kama nusu saa kabla ya kukatwa, basi atoke saa nane na nusu. Wa paundi 18 hadi 20 kwenye moto wa 325 anachukua zaidi ya saa nne, basi aingie saa nne asubuhi na mlango ubaki umefungwa. Ile nusu saa ya kupumzika ndiyo zawadi yako: oveni iko tupu na ina moto, ingiza makaroni na viazi vitamu pamoja. Vyote vya unga vimeokwa Jumatano. Pilau iko kwenye figa. Kipimajoto usiache kununua, na ukichomeke kwenye paja bila kugusa mfupa, halafu kifuani. Kile kijiti cha plastiki anachouzwa nacho bata, kinachoruka chenyewe eti ameiva, mimi sikiamini.

Tuingie kwenye kuoka kwa Krismasi, hapa nitakwenda haraka. Angalia mapishi yako yametoka wapi. Ya Marekani yanasema Farenhaiti, ya Uingereza na nyumbani yanasema Selsiasi, na 350 ya huku ni kama 180 ya kule. Kikombe cha Marekani ni kama mililita 240, si kile kikombe cha chai cha mama yako. Kijiti kimoja cha siagi ni gramu 113. Boga la kopo liko la aina mbili zinazofanana sura: moja boga tupu, jingine limeshatiwa sukari na viungo. Ukichukua la pili ukaongeza sukari yako, umekwisha.

Baking poda ya mwaka jana ijaribu kwenye maji ya moto. Isipotoa povu, tupa. Hamira iweke kwenye maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, na ndani ya dakika 10 iwe imefura.

Halafu kuna suala la maandazi. Unga unaoumuka Tanga kwa saa moja, hapa Desemba unaweza kukaa nusu siku umekutazama tu. Wenzetu wengi wanaongeza hamira kwa hasira, matokeo yake maandazi yananuka pombe. Tatizo ni baridi ya jiko. Ingiza bakuli kwenye oveni iliyozimwa, washa taa yake tu, funga mlango, na bandika karatasi mlangoni yenye maandishi makubwa USIWASHE. Karatasi hiyo si mapambo. Bakuli moja la plastiki liliyeyuka kwangu ndipo nikaanza kuibandika.

Keki ya matunda ioke wiki tatu nne kabla, inazidi kunoga ikikaa. Unga wa biskuti unakaa vizuri kwenye friza, umeviringwa kama soseji, siku ya siku unakata na kuoka. Sambusa zifunge wikendi moja na watoto wakusaidie, zigandishe zikiwa mbichi juu ya sinia, kisha uzitie mfukoni.

Mabaki sasa. Karamu zetu haziishi, watu wanakula, wanapiga soga, wanarudi kula. Lakini chakula kisizidi saa mbili mezani bila kuingia friji, na pilau imo. Kigawe kwenye vyombo vifupi kipoe upesi, kisha kiliwe ndani ya siku tatu au nne. Wanaotumia gereji kama friji ya pili, haya, ila gereji haina kidhibiti joto. Mchana jua likitoka inapanda, usiku inagandisha. Rafiki yangu aliacha sufuria la maharage ya nazi huko, asubuhi akalikuta tofali, na kifuniko kimenyanyuka.

Wanaume wakitaka kukaanga bata mzima kwenye mafuta, wafanye uani, mbali na nyumba na mbali na baraza ya mbao, na bata awe ameyeyuka kabisa na kukaushwa. Aliyeganda akizama kwenye mafuta ya moto yanafurika yote. Jiko la mkaa lisiingie ndani wala gereji, hata mlango ukiwa wazi, hata umeme ukikatika kwa dhoruba. Hewa yake ya sumu haina harufu. Betri za kengele za moshi zibadilishe sasa hivi kabla hujasahau. Angalia mtungi wako una mshale kwenye kijani. Fuatilia taarifa za theluji tangu Jumatatu, na wanaotoka mbali waambie mapema walale kwako au wasije. Chumvi ya kuyeyusha barafu imwagwe ngazini kabla bibi hajafika. Na viatu vya watoto vipange mlangoni, jozi kwa jozi, pamoja na makoti yao.