Dawa ya kupe ipimwe kwa mililita, si kwa kizibo

Kila mvua zikianza malalamiko ni yale yale: dawa za siku hizi ni feki, kupe hawafi. Feki zipo, sikatai. Lakini mwombe mfugaji akuoneshe anavyochanganya. Anamimina vizibo viwili kwenye bomba la kunyunyizia la lita 16, anajaza maji, na bomba hilo moja linaogesha ng'ombe wanane. Kupe sugu wanazalishwa hapo hapo, na anayewazalisha ni mwenye ng'ombe.

Kupe walioko kwenye kundi lako hawafanani. Wachache wamezaliwa na vinasaba vya kuhimili dawa, na walikuwa hivyo kabla hujafungua chupa. Dawa haimfundishi kupe usugu. Inaua wasio nao, waliobaki wanazaliana peke yao. Wengi wa hao wachache wamerithi usugu kwa mzazi mmoja tu, na mara nyingi dozi kamili huwaua hata wao. Dozi pungufu inawaacha hai, wanapandana, na baadhi ya watoto wao wanarithi usugu kwa baba na kwa mama. Huyo sasa hata dozi kamili anaweza kuistahimili.

Kupe wa bluu, anayeleta ndigana baridi na ugonjwa wa kukojoa damu, ndiye wa kuogopwa zaidi hapa. Anapanda kwa ng'ombe angali mchanga, na hashuki mpaka ashibe, yapata wiki 3, kwa hiyo kila hatua ya ukuaji wake inakutana na dawa. Jike mmoja hutaga mayai kama 2,000. Afrika Kusini kupe huyu alishaishinda aseniki, sumu iliyotumika kwenye majosho ya ng'ombe, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930.

Sasa vipimo, na naomba visiguswe. Amitrazi ya asilimia 12.5, ambayo wengi mnayo, ni mililita 2 kwa kila lita ya maji. Bomba la lita 15 ni mililita 30, la lita 16 ni 32, la lita 20 ni 40. Dawa nyingine zina nguvu tofauti. Lebo ya chupa yako ikitaja kipimo kingine, fuata lebo. Nunua sirinji ya mililita 10 au 20, toa sindano, iwe ya kazi hiyo tu. Vizibo havilingani chupa kwa chupa, acheni kubishana juu ya hilo. Tia maji nusu ya bomba, weka dawa, koroga, ndipo ujaze. Iliyobaki usiitunze kwa wiki ijayo, inapoteza nguvu.

Ng'ombe mkubwa anahitaji angalau lita 5. Bomba la lita 16 ni ng'ombe watatu basi. Ukiogesha wanane, kila mmoja amepata lita 2, umelowesha mgongo, na kupe wako ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani, kwenye kiwele na katikati ya kwato. Nyunyizia kinyume cha manyoya mpaka dawa itiririke. Fanya asubuhi, ng'ombe wakiwa wameshakunywa maji, siku isiyo na dalili ya mvua.

Mvua zikiwa nyingi, kwenye maeneo ya ndigana kali, ugonjwa mwingine unaoletwa na kupe, ogesha kila baada ya siku 7. Wapo wanaoona kupe hawafi wakaogesha kila siku 3: hao wanaharakisha usugu. Wapo pia wanaochanganya na dawa ya nyanya, jambo ambalo ni hatari kwa ng'ombe, kwa anayenyunyiza na kwa anayekunywa maziwa. Lipigeni marufuku nyumbani kwenu. Na kubadili jina la dawa si kubadili dawa: sipamethrini, alfasipamethrini na deltamethrini ni kundi moja. Ukitaka kubadili, badili kundi, kwa ushauri wa afisa mifugo.

Dawa ikifanya kazi, baada ya siku 2 kupe wamekufa au wameanguka.

Wakibaki hai na kuendelea kushiba ingawa ulipima sawasawa, usiongeze dozi. Chukua kupe majike walioshiba, wakiwa hai, uwaweke kwenye chupa yenye vitundu vidogo na kipande cha karatasi, umpelekee afisa mifugo siku hiyo hiyo. Msiwatie spiriti: maabara inawahitaji watage mayai.