Kikundi cha achari: anzeni wachache, na kila mtu aje na kisu chake

Msianze kikundi cha achari ya embe mkiwa thelathini. Sisi tulianza hivyo hapa Ngamiani, Tanga, na kabla embe hazijaisha sokoni tulishagawanyika mafungu matatu: wanaokuja na kisu, wanaokuja na maneno, na wanaokuja siku ya kugawana.

Mara ya pili tulikuwa wanane, na darasa tulilipata kwa jirani yangu, mama wa Kigujarati tuliyezoea kumwita Masi, yaani mama mdogo kwa lugha yao. Yeye akianika papadi zake, vile vimkate vyembamba vya kukausha, juu ya paa, sisi embe zetu uani, mazungumzo ni ya kupaziana sauti. Ndiye aliyenisimulia habari za akina mama 7 wa Mumbai walioanza kusukuma papadi Machi 1959 kwa rupia 80 za kukopa. Siku ya kwanza walitoa pakiti 4. Leo kikundi chao, Lijjat, kina wanawake makumi ya maelfu, na mmoja wa wale saba, Jaswantiben Popat, serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 2021.

Mie nilimuuliza jambo moja tu: mbona hawakugombana?

Akaniambia ni mizani. Asubuhi kila mwanamke huchukua unga uliokandwa, akaenda kusukuma kwake, akarudisha papadi kavu. Zinakaguliwa, zinapimwa, analipwa kwa alichofanya. Wote ni wenye mali, wote wanaitana "ben", dada. Hakuna mke wa bosi. Basi nanyi, kabla ya beseni na kabla ya sare, nunueni mizani. Sisi tulikuwa tukigawana sawasawa mwisho wa mwezi, na aliyekata ndoo nne akawa anamtazama aliyekata moja kama mke mwenza. Sasa tunalipana jioni ileile, kwa kilo, mbele ya wote, na faida inayobaki ndiyo ya kugawana kwa hisa. Vibanzi vya embe vikiwa vinene vinarudishwa kwa mwenyewe avikate upya. Mkaguzi abadilike kila wiki, maana akikaa sana atakuwa na rafiki.

Mtaji toeni wenyewe. Sisi tulitoa elfu tano tano. Wale wa Mumbai waliamua tangu mwanzo hawapokei sadaka hata wakipata hasara, nami nililiona hilo jeuri mpaka yaliponifika. Mheshimiwa mmoja alituletea mabeseni na fulana. Tangu siku hiyo kila mkutano wake tulidaiwa achari ya bure, na fulana ikabidi tuzivae.

Mvua sasa, na hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu ndipo vikundi vingi vya kuanika vinapofia. Embe za Tanga zinakuja na vuli juu yake. Umeshamenya, umekata, umetia chumvi, vimelala usiku kucha, asubuhi unavikamua uvitandaze juani, wingu hilo. Siku mbili za namna hiyo na ukungu unaingia. Wale akina mama mwaka wa kwanza walisimama miezi minne kwa sababu ya mvua. Mwaka wa pili wakanunua kitanda na jiko: papadi juu ya kitanda, jiko chini yake. Nasi tulifanya hivyo kwa kitanda cha kamba, na mara ya kwanza achari yote ilinuka moshi kama samaki wa kubanika. Kosa letu lilikuwa kuweka jiko likiwa bado linawaka. Acheni mkaa ukolee kabisa uani, moshi uishe, ndipo mlisogeze chini ya kitanda, makaa machache. Tandikeni kitambaa cheupe chepesi, geuzeni kila nusu saa, na fanyeni barazani au kwenye banda lililo wazi. Chumba kilichofungwa na jiko la mkaa ni kaburi.

Hela apewe mwenyewe, mkononi. Si kwa mtoto, si kwa mume. Mume mmoja alikuja kufuata "hela ya mke wangu". Tulimkaribisha kahawa na kashata, tukamsikiliza habari zote za mpira, hela tukamwambia mama watoto ataifuata. Akaondoka ameshiba kashata. Masi alicheka sana, kisha akaniambia ya kwao: kule mahari hutoka kwa wazazi wa binti kwenda kwa mume, sheria ikaipiga marufuku mwaka 1961, na bado arusi zinaivunja. Mwaka 2005 mabinti wa Kihindu wakapewa haki sawa na kaka zao katika mali ya ukoo. "Sheria ipo," alisema, "lakini ukikaa mbele ya kaka yako, ulimi mzito." Ndiyo maana yeye anapenda hela ndogo ya kila siku. Inazoesha ulimi.

Kila mtu aandike jina lake kitabuni, asibonyeze dole gumba. Huko Ahmedabad, India, Ela Bhatt na wanawake wa SEWA, chama alichokianzisha cha wanawake waliojiajiri, walipotaka kufungua benki yao mwaka 1974, wanawake 4,000 walitoa rupia 10 kila mmoja, lakini waliotakiwa kutia saini hawakujua kuandika. Walikesha usiku mzima wakijifunza majina yao. Bibi yetu mmoja hapa ilimchukua wiki mbili, na hadi leo herufi ya mwisho anaigeuza. Tunamlipa vilevile.

Kitabu kikishakuwa safi, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na katiba, orodha ya wanachama na akaunti ya benki. Katika mapato ya ndani ya halmashauri kuna asilimia 4 ya mikopo ya wanawake, haina riba. Ila ni mkopo. Usinunue kitenge.

Siku ya kwanza nunueni tenga moja tu la embe, zilizokomaa lakini ngumu, zisizoanza kuiva. Mizani katikati, kitabu pembeni. Atakayekuja bila kisu arudi kwao akakichukue.