Mjamzito kwenye boma lenye mbuzi: namna ya kumkinga, hatua kwa hatua

Mimi ni afisa mifugo. Hivi karibuni nimesaidia familia ambayo mama alikuwa na mimba wakati uleule mbuzi wao walipokuwa wakizaa. Nayaandika tuliyoyafanya, kwa sababu hatari nyingi huanzia zizini, kliniki haijazijua bado.

Hatua ya 1: Gawaneni kazi upya

Mimba ikishajulikana, mama asizalishe mnyama, asivute zalio lililokwama, asifagie banda. Vitoto vya mbuzi na kondoo vinavyolazwa ndani vihamishiwe mbali na anapolala. Baba ndiye apange hili, asisubiri kuombwa.

Hatua ya 2: Maziwa

Yachemke mpaka yapande na kutokota. Kupasha moto hakutoshi. Mtindi nao utokane na maziwa yaliyokwisha kuchemshwa, maana ukali wake hauhakikishi kwamba vijidudu vya brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, vimekufa, na moshi wa kibuyu hausaidii. Damu mbichi na nyama isiyoiva aache.

Hatua ya 3: Mnyama akitupa mimba

Hapa msiharakishe. Zalio, maji ya uzazi na kitoto kilichokufa hujaa vijidudu: brusela, homa ya Q, klamidia ya kondoo. Vyote hivi vinaweza kumharibia mama mimba. Vya homa ya Q huishi kwenye vumbi kwa miezi, na mtu huvivuta kwa pumzi tu.

Mama aondoke eneo hilo. Vitu hivyo vishikwe na mtu mzima mwingine mwenye glovu ndefu, gambuti na barakoa. Mpigieni afisa mifugo kabla ya kufukia, huenda akataka sampuli. Msipasue kitu wenyewe.

Wengi hukimbilia kuchoma. Mimi sipendi kabisa. Zalio lina maji mengi: kuni zinaisha, nje limeungua, ndani bichi, na usiku mbwa hulisambaza hadi mlangoni. Fukieni. Shimo limfike mtu mzima kiunoni, liwe mbali na kisima na mkondo wa maji. Kiangazi ardhi ni kama saruji, kwa hiyo lichimbeni kabla ya msimu wa kuzaa na kulifunika kwa mbao na miiba. Mkingoja siku yenyewe, mtahangaika na sururu usiku huku mbwa wakizunguka. Mwageni chokaa juu, fukieni, kisha pangeni mawe mazito.

Sasa sakafu. Jiki ikimwagwa juu ya damu na samadi haifanyi kazi inavyotakiwa. Lowesheni kwanza ili vumbi lisipande, kwangueni udongo uliochafuka, nao uingie shimoni kabla hamjalifunga. Vifaa vioshwe kwa sabuni, ndipo vilowekwe nusu saa kwenye jiki, sehemu 1 kwa 9 za maji.

Nguo husahaulika sana. Aliyeshika avue palepale zizini na azifue mwenyewe. Zisiingie kwenye beseni la mama.

Mbuzi huyo atengwe. Anaweza kuendelea kutoa vijidudu kwa wiki kadhaa au hata miezi, pia kwenye maziwa. Kumuuzia jirani ni kumpelekea jirani ugonjwa.

Hatua ya 4: Wakitupa mimba wengi kwa pamoja

Baada ya mvua kubwa, fikirieni Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbu na kuambukiza watu, ulioua watu Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007. Msichinje wala kuchuna. Toeni taarifa siku hiyohiyo, na mama alale ndani ya chandarua.

Hatua ya 5: Kliniki

Mama akipata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, aende mapema, aseme bila kuulizwa: "Nina mimba, na nyumbani mbuzi wametupa mimba." Kipimo cha malaria kikiwa safi, asikubali kurudishiwa dawa ya malaria, aombe kupimwa brusela. Kipimo cha haraka huweza kudanganya, hivyo majibu yathibitishwe kwa kipimo kingine. Doksisaiklini ya dukani asinunue: hutibu brusela kwa wengine, lakini mjamzito huandikiwa dawa nyingine na daktari.