Ukumbi wa mkutano wa mainjinia: usianze kuuliza unaingiza watu wangapi

Kamati ikikaa mara ya kwanza swali huwa ni hilohilo, ukumbi unaingiza watu wangapi, na mimi siku hizi nikilisikia nacheka kimoyomoyo. Kwenye mkutano wa watu wa mitandao, yaani mainjinia wanaoendesha intaneti, ukumbi mkubwa mnautumia asubuhi moja waziri akija kufungua, labda na jioni moja ya kikao cha wote, basi. Siku zilizobaki watu mia nane wametawanyika kwenye vyumba vidogo wanabishana, wengine wako korido na laptopu mapajani, na huko ndo mkutano wenyewe uliko.

Kwaiyo kabla hujampigia mtu simu chukua ratiba uhesabu vikao vinavyoenda kwa wakati mmoja. IETF, wale wanaoandika viwango vya intaneti, wanakutana mara 3 kwa mwaka, watu zaidi ya 1,000, na saa moja unaweza kukuta vyumba 8 vyote vina kikao. Mkutano wa kwetu unaweza kuwa na vinne au vitano, ongeza chumba cha hakathoni (watu wanaokaa pamoja kuandika programu), ongeza chumba cha wale wa mtandao chenye kufuli na ufunguo mkae nao nyie. Ukumbi wa Simba pale kituo cha mikutano cha AICC Arusha unaingiza watu 1,350, sawa, lakini wewe uliza vyumba vya watu 60 mpaka 150 viko vingapi, viko umbali gani toka hapo, na kuta zake ni kuta kweli au zile za kukunja, maana za kukunja mtu akipiga makofi chumba cha pili huku mnaanza kupiga na nyie. Na ile idadi wanayokutajia ni ya viti vitupu, injinia anataka meza na soketi, ukipanga meza kama darasani idadi inashuka karibu nusu.

Sasa mtandao. Kuna hoteli moja, jina naacha, tulienda kuikagua tukapima spidi tukaona mambo safi, tukasaini. Siku ya kwanza saa nne asubuhi kila mtu waifai imejaa mistari yote ila hakuna kinachofunguka, watu wakaanza kulaumu fiba, fiba iko sawa kabisa. Tatizo ruta yao ilikuwa inagawa anwani 254 tu (zile namba ambazo kila kifaa lazima kipewe ndo kipate intaneti), watu mia nane kila mmoja ana simu na laptopu ni vifaa 1,600, fanya hesabu mwenyewe. Tulihitaji fungu la anwani la ukubwa unaoandikwa /21, lenye anwani 2,046, wao wana /24 yenye hizo 254, na kifaa kikishachukua anwani kinakaa nayo siku nzima hata mwenyewe akishaenda kulala. Tulipima spidi ukumbi ukiwa mtupu, kosa letu wenyewe, na ni aibu ukizingatia sisi ndo watu wa mitandao.

Toka hapo siulizi tena "waifai mnayo?" kwa sababu hakuna hoteli itakayokujibu haina. Nauliza kama tunaruhusiwa kuleta vifaa vyetu na kuzima vya kwao kwenye kumbi zetu, maana mkiwasha vyote viwili vinapigana, hasa kwenye masafa ya waifai ya 2.4 GHz ambako chaneli zisizogongana ni 3 tu, ya 1, ya 6 na ya 11. Nauliza nyaya za mtandao zinaishia wapi kila chumba, chumba cha swichi (vile vifaa vinavyounganisha nyaya za mtandao) ufunguo anao nani na usiku anapatikana wapi. Sehemu nyingine hoteli ina mkataba na kampuni moja ya kuwauzia wageni intaneti na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuvuta laini, hilo lijue kabla ya kusaini, sio wiki ya mwisho.

Alafu uliza fiba zinapita wapi. Makampuni mawili sio njia mbili! Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini karibu kwa wakati mmoja na Tanzania tukaumia sana, waliokuwa na laini mbili za makampuni tofauti lakini zote zinategemea nyaya hizohizo wakabaki wanatazamana. Na hapa kwetu kumbuka lile tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la Oktoba 2023 la kusajili VPN (njia iliyofichwa ya kupita kwenye intaneti), mgeni wako anaingia kwenye mashine za ofisini kwake kwa VPN kutwa nzima, kwaiyo waandikie TCRA mapema upate jibu la maandishi. Usimwachie mgeni ajitafutie mwenyewe.

Vitanda navyo vina mambo yake. Ile Radisson Blu iliyoungana na Kigali Convention Centre ina vyumba 292, ni nzuri mno, ila ukiwa na watu mia nane zaidi ya mia tano watalala kwingine, kwaiyo panga hoteli za bei tatu, usipange kwa kuangalia wale wanaolipiwa na kampuni kubwa tu. Kuna kijana ametoka Bujumbura na basi kwa hela yake, na mara nyingi ndo mchangiaji mzuri kuliko wote.

Kwenye mkataba wa vyumba soma mara tatu kile kipengele cha vyumba visivyojazwa. Tuseme mmefunga vyumba 400 kwa usiku 5, hizo ni 2,000 ukihesabu kila chumba kila usiku, na mkataba unasema lazima mjaze asilimia 80 yaani 1,600. Wakija wakalala 1,300 mnalipia 300 hewa, kwa dola 120 ni dola 36,000 zimeondoka hivihivi. Na kinachouma, wageni wenu wako mlemle hotelini, wameona bei ya chini mtandaoni wakabuki wenyewe, hoteli haiwahesabu. Dai iandikwe kwamba kila mhudhuriaji aliyelala hapo anahesabika hata kama amebuki kivyake, na hoteli isiuze mtandaoni chini ya bei yenu siku hizo. Uliza pia bei ina VAT ndani au nje, asilimia 18 Tanzania, 16 Kenya, sio hela ya kusahau.

Tarehe nisiseme sana: angalia Ramadhani, angalia msimu wa watalii Julai hadi Septemba, na kwa Arusha angalia vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Viza ndo inaamua nchi. Rwanda toka 2018 raia wa nchi yoyote anapata viza akifika, Kenya toka Januari 2024 wana ile eTA, kibali cha kusafiri cha kuomba mtandaoni. Na weka kipengele cha kuhama bila kufilisika, mkutano wa ICANN, wale wanaosimamia majina ya intaneti, wa Februari 2015 ulitakiwa uwe Marrakech ukahamishiwa Singapore sababu ya Ebola, na mwaka uliofuata mwingine ukatoka Puerto Rico kwenda Hyderabad sababu ya Zika. Kama wakubwa wale yamewakuta...

Kwenda kukagua nenda na mtu wa mtandao, sio mwenyekiti peke yake, na mlale hapo usiku mmoja mkiwa wageni wa kawaida bila kujitambulisha. Kesho yake waombe wazime umeme, hesabu sekunde mpaka jenereta iwake, uangalie kama swichi za mtandao ziko kwenye UPS (betri ya akiba) au nazo zinazima. Pita na kiti cha magurudumu toka getini mpaka chumba cha mwisho, ukikuta ngazi tatu hapo katikati hata kama wanasema "tutambeba" hiyo sio njia. Hesabu viti vya korido na soketi zake (ukienda Kigali matundu ya soketi ni ya duara, sio ya pini tatu kama zetu). Kama mnaenda Arusha, uwanja wa ndege wa KIA uko kilomita 50 hivi toka mjini, weka mabasi hata ya saa nane usiku.

Ukirudi nyumbani usisaini bado. Andika maswali ya mtandao yote umtumie mtu wa IT wa hoteli moja kwa moja, sio meneja mauzo, umpe wiki moja. Asipojibu mpigie wa hoteli ya pili kwenye orodha yako.