Kabla kijana wako hajatimiza miaka 18: ya kuweka sawa mapema, hasa kwa sisi wa Kigoma

Lile tangazo la kizazi ulilopewa hospitali alipozaliwa, liko wapi? Kama bado limekunjwa ndani ya sanduku na cheti hukukifuata RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, anzia hapo. Usisubiri amalize kidato cha nne. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na ofisi ya NIDA, wanaotoa kitambulisho cha taifa, nayo itakiulizia.

Ukishakipata, kiweke kando ya cheti cha darasa la saba na usome majina herufi kwa herufi. Majina yetu ya Kiha yameumizwa sana na makarani. Kwangu mimi lilikuwa jina la babu wa mtoto: cheti kimeandika Ntibakora, shule imeandika Ntibakola. R na L zilinipeleka kuapa hati ya kiapo, nikapoteza wiki nzima ambayo ningekuwa shambani kwenye michikichi. Mtoto akiwa na miaka 15 au 16, kosa kama hilo unalirekebisha taratibu. Akiwa na 18 na dirisha la maombi ya mkopo liko wazi, utakimbia huku na huku.

Kitambulisho cha taifa huombwa na aliyetimiza miaka 18. Fomu hugongwa mhuri serikali ya mtaa au kijiji, halafu kwetu huku mpakani kuna kiti cha afisa uhamiaji. Ataulizwa kazaliwa wapi, wazazi wametoka wapi, babu na bibi wamezikwa wapi. Kijana aliyekulia Kasulu lakini hajui hata jina la kijiji cha bibi yake atajikanyaga, na kujikanyaga pale hutafsiriwa vibaya. Kaeni jioni moja mumsimulie ukoo wake. Vitambulisho vya wazazi, na cha babu kama yupo hai, vitolewe kivuli mapema.

Kama mmoja wenu ni Mrundi au Mkongomani, na mtoto ana haki ya uraia wa huko pia, jueni kwamba Tanzania haimruhusu mtu mzima kubaki na uraia wa nchi mbili. Itabidi achague, na kuna taratibu za kukana ule mwingine. Nendeni Uhamiaji wenyewe mkaulize kabla hajafikisha umri, maana ya kusikia sokoni Kibirizi ni mengi.

Sasa tuje kwako mzazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na hadi hapo chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu ni wajibu wako, si hisani. Akivuka, deni analoingia kwa saini yake ni lake. Linakuwa lako pale tu ulipojiandika mdhamini. Kwa hiyo soma unachosaini. Fomu ya mkopo wa chuo ina sehemu ya mdhamini. Dhamana ya polisi au mahakamani nayo ni hivyo hivyo: akitoroka, fedha uliyoahidi wewe ndiyo itakayodaiwa.

Yapo pia yaliyobaki kwa jina lako bila wewe kukumbuka. Laini ya simu uliyomsajilia alipokuwa mdogo: akipata namba ya NIDA asajili yake, ile yako ifutwe au ihamishwe. Pikipiki uliyomnunulia afanye bodaboda: kama kadi ina jina lako, ajali ikitokea wewe ndiye utakayetafutwa. Bima ya pikipiki iwe hai, na umiliki uhamishwe rasmi.

Wengine hufurahi mno, wakidhani wamemaliza. Waliotengana wawe makini hapa. Mahakama inaweza kuendeleza amri ya matunzo hata baada ya miaka 18 kama kijana bado anasoma au yuko kwenye mafunzo. Na mwenye ulemavu asiyeweza kujitegemea, msimwache bila kuamua nani atamsimamia mkiondoka ninyi. Liandikeni kwenye wosia wakati ndugu wanaelewana.

La mwisho ni gumu kulisema kwa mtoto wa kiume, lakini baba aliseme, au baba mdogo kama baba anaona haya. Akifikisha 18 na rafiki yake wa kike bado yuko sekondari, hayo si mambo ya ujana tena. Kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30, tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016. Na wazee wa pande mbili wakikaa chini ya mwembe wakakubaliana ng'ombe, kikao hicho hakifuti kesi.

Siku ya kupanda treni kwenda chuo, mpe vivuli vya vyeti vyote. Vyeti halisi vya kuzaliwa na vya shule abebe mwenyewe kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo wa dagaa.