Vifo vya uzazi vimepanda kweli, au ni sampuli tu? Kokotoa mwenyewe

Ripoti mpya ya takwimu ikitoka, kuna mtu ataokota namba moja, aiweke kando ya ile ya zamani, kisha atangaze: imepanda! Ngoja kwanza. Fungua kikokotoo cha simu.

Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto Tanzania wa 2010 ulikadiria vifo 454 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2015-16 ukatoa 556. Ongezeko la 102, na linatisha.

Hatua ya 1: shuka hadi kwenye jedwali. Muhtasari hautoshi. Kando ya makadirio utakuta namba mbili: 353 hadi 556 kwa mwaka 2010, na 446 hadi 666 kwa 2015-16. Hayo ndiyo masafa ya uhakika ya asilimia 95.

Hatua ya 2: jua yanasema nini. Wengi husema "kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba ukweli umo humu". Mtakwimu Jerzy Neyman, aliyeyaasisi mwaka 1937, hakumaanisha hivyo. Fikiria samaki aliyetulia kwenye maji ya tope, nawe unarusha kimia. Samaki hasogei; kimia ndicho kinachoangukia huku mara kule. Asilimia 95 ni sifa ya urushaji wako: ukirudia utafiti mara 100 kwa njia ileile, takriban mara 95 utamfunika. Hiki cha leo ama kimempata ama kimemkosa, na huoni.

Mbona masafa ni mapana hivyo? Wanawake huulizwa kuhusu ndugu zao wa tumbo moja, na vifo vya uzazi vinavyotajwa ni vichache. Kupunguza upana kwa nusu kunadai sampuli kubwa mara nne hivi. Nani atalipa?

Hatua ya 3: pata nusu ya upana. (556 − 353) ÷ 2 = 101.5. (666 − 446) ÷ 2 = 110.

Hatua ya 4: usizijumlishe hivihivi. Hapa wengi huteleza. Zidisha kila moja kwa yenyewe, ndipo ujumlishe: 10,302 + 12,100 = 22,402. Kipeuo chake cha pili ni kama 150, nayo ndiyo nusu ya upana wa masafa ya ile tofauti ya 102.

Hatua ya 5: rudi kwenye tofauti. 102 − 150 = −48; 102 + 150 = 252. Sifuri imo ndani. Data hizi zinakubaliana na kupungua kwa 48, na pia kuongezeka kwa 252. Kwa hiyo usiandike "vimepanda". Wala usiandike "havijabadilika", maana hilo nalo halijathibitishwa.

Kuna wanaotazama tu kama masafa yanapishana, wakamaliza hapo. Yasipogusana, sawa, tofauti ipo. Yakipishana, bado hujui. Chukua masafa mawili yenye nusu upana wa 100 kila moja, na tofauti ya 150: yanapishana waziwazi, lakini hatua ya 4 inakupa 141, na 150 − 141 ni 9. Sifuri iko nje.

Hesabu hii ni ya sampuli mbili zilizochukuliwa kila moja peke yake. Ukiwa umepima presha ya wagonjwa walewale kabla na baada ya dawa, iache: tafuta tofauti ya kila mgonjwa kwanza, kisha utafute masafa ya tofauti hizo.