Kabla ya kununua gari la turbo Mombasa, liguse bonneti kwanza

Mpigie muuzaji simu jioni, mwambie utafika asubuhi mapema, na umwombe asiliwashe gari hata mara moja. Kila anayeniuliza kuhusu Subaru Impreza WRX au Forester XT, magari yenye turbo, yaani kidude kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, namwanzia hapo. Ukifika, weka kiganja juu ya bonneti. Likiwa la moto, uliza sababu, kisha omba siku nyingine. Maradhi mengi ya injini hizi huonekana dakika za mwanzo, injini ikiwa baridi.

Mwenzio akiwasha, wewe simama nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua: ama sili za turbo zimechoka, ama ringi za pistoni. Moshi mweupe mzito usiokatika, wenye harufu tamutamu, ni kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, inayovuja ndani ya silinda, na hapo gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kifuniko chake cha juu, ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Oili ndiyo uhai wa turbo. Kidude kile huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachokibeba ni utando mwembamba wa oili. Kwa hiyo dai risiti za sevisi. Kwa joto letu na foleni za Changamwe, mimi sipitishi kilomita 5,000 bila kubadilisha. Kisha fundi afungue bomba la hewa, ashike ekseli ya turbo kwa vidole. Ikicheza kidogo kando, sawa. Ikienda mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yamekwaruza ukuta, turbo hiyo imekwisha. Mwambie pia apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya silinda zote nne. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, achana na gari hilo.

Gari likiwa bado limepoa, fungua redieta. Ukikuta maji ya kutu badala ya kulanti, jua limekuwa likinyweshwa maji ya bomba, au ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi. Chumvi hiyohiyo ya pwani hula chuma, basi lala chini uitazame chesisi, hasa gari la mtu anayevuka feri ya Likoni kila siku.

Usilijaribu Nyali kwenye tambarare pekee. Lipandishe kutoka Miritini hadi Mazeras, macho kwenye mshale wa joto. Ukikanyaga ukasikia injini inagongagonga, uliza anatia mafuta gani: WRX nyingi za Japani zilitengenezewa petroli ya premium ya huko, inayouzwa kama oktani 100 (kipimo cha uwezo wa petroli kuzuia mgongano huo), na ya kawaida ya pampu zetu haifiki hapo. Lililoongezwa busti, yaani shinikizo la turbo, juu ya hayo, mimi silinunui.

Mwisho, fanya utafutaji wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen ili uone gari limeandikwa kwa jina la nani. Jina la benki likiwa kando ya la muuzaji, mkopo bado haujafutwa. Nendeni benki pamoja kabla hujatoa hata shilingi.